Honi Haisimamishi Gari

Ukikutana na Mugambi wakati ule, hukuwa na haja ya kumwuliza kazi yake. Ndani ya dakika tano angekuwa ameshakuambia. Yeye ni dereva. Na si dereva wa kubahatisha. Ni dereva wa trela! Miaka ishirini na miwili, Mombasa hadi Kampala, mvua na vumbi, mlima na bonde, na hajawahi kukwaruza hata mlango.

"Mimi," alipenda kusema, "barabara inanijua."

Ilikuwa kweli. Lakini barabara iliyomjua ilikuwa ya kwao. Ya Toronto ilikuwa haijamjua bado.

Mugambi alifika Toronto mwezi wa sita. Alimfuata mkewe, Abigael, aliyetangulia na binti yao. Abigael alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya wazee. Binti yao, Melissa, alikuwa na miaka kumi na mitano. Alielewa Kiswahili chote, ila alijibu kwa Kiingereza. Walikaa ghorofa ya sita, mtaa wa Malvern. Mwezi wa nane, jua likiwaka, Mugambi alifanya mtihani wa leseni akafaulu mara ya kwanza. Mwezi wa tisa akanunua Toyota kuukuu. Basi kichwa kikazidi kuvimba.

Theluji ilipoanza, Abigael alimwambia, "Baba Melissa, nunua matairi ya baridi. Kazini wote wameshabadilisha."

"Haya yana meno," alisema Mugambi.

"Si meno tu. Wanasema mpira wenyewe ni tofauti."

"Hao wanaosema, wamewahi kuendesha trela?"

Utajibizana vipi na mtu anayejibu kila kitu kwa trela?

Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, Abigael alikuwa kwenye zamu kazini. Mugambi na Melissa walishuka kwenda kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili. Chini, kwenye maegesho, walimkuta jirani yao Rukhsana akifagia gari lake. Rukhsana ni mzaliwa wa Tanga. Mwanawe anaitwa Mikail, kwa hiyo majirani humwita Mama Mikail. Aliendesha basi la shule miaka kumi na tisa, kisha akawa mwalimu wa udereva. Ni mfupi, lakini mdomo anao. Asubuhi hiyo alifagia theluji kwenye paa, kwenye vioo vyote, hata kwenye taa za nyuma.

Mugambi alitoa kadi ya zamani ya benki, akakwangua kioo cha mbele. Alipopata nafasi ya ukubwa wa sahani, akatosheka.

"Baba Melissa!" Rukhsana aliita. "Hilo ni gari au tundu la ufunguo?"

"Naona mbele vizuri, Mama Mikail."

"Na pembeni?"

"Pembeni nitapaona nikifika."

Rukhsana alicheka, kisha akaacha kucheka. "Jamani, nisikilize. Usiku mvua imenyesha, halafu imeganda. Ukiona barabara inang'aa, usidhani ni maji. Ni barafu. Nenda polepole leo. Na hayo matairi yako ni ya kiangazi."

"Mama Mikail, mimi nimepita matope ya Malaba, kule mpakani, na tani thelathini nyuma yangu. Haka ni kagari."

"Sikio la kufa," alisema Rukhsana. Hakumalizia. Akaendelea kufagia.

Walikuwa wamechelewa. Mugambi alikanyaga mafuta. Barabara ilikuwa nyeusi na inang'aa, na yeye aliona lami iliyolowa, basi. Karibu na kanisa kuna kivuko cha watembea kwa miguu, chenye mistari myeupe chini na taa za manjano juu. Taa zilikuwa zinawaka na kuzimika. Mtu mwenye koti refu la kijivu alikuwa ameshaingia kivukoni.

Mugambi alimwona. Na akafanya kile alichofanya miaka ishirini na miwili. Alipiga honi.

Kwao, honi ikilia, mtu huruka pembeni kwanza, matusi baadaye. Dereva wa trela huzoea hivyo. Honi ndiyo breki yake ya kwanza. Lakini mtu yule alikuwa amekaa Toronto miaka thelathini. Toronto honi hailii ovyo, na kwenye kivuko mwenye njia ni anayetembea. Honi ikilia, mtu husimama atazame kuna nini. Basi akasimama. Katikati ya kivuko, akageuza uso.

Sasa Mugambi akakanyaga breki, kwa nguvu zote. Kanyagio likaanza kutetemeka na kugongagonga chini ya mguu wake. Akadhani limeharibika. Akaliachia, akalikanyaga tena, akaliachia, kama alivyozoea kwenye trela lake la zamani. Gari halikusimama. Liliteleza taratibu, bila kelele, kama sabuni kwenye sakafu.

"Baba!" Melissa alipiga kelele.

Bampa ilimgonga yule mtu kwenye paja. Akaanguka juu ya mkono wake. Bakuli alilobeba likaruka, na ndizi za nazi zikamwagika kwenye theluji.

Mugambi alishuka mbio, akateleza, akainuka. Alipomfikia, aliutambua uso. Alikuwa ni Mama Dorotea.

Mama Dorotea ni mzaliwa wa Bukoba. Wakati huo alikuwa na miaka sabini na mmoja. Ni mmoja wa walioanzisha ile ibada ya Kiswahili, na ni mlezi wa kina mama. Abigael alipofika nchini na kisweta chembamba, Mama Dorotea ndiye aliyemvisha koti la kwanza la baridi. Sasa alikuwa amekaa chini kwenye barafu, amekumbatia mkono wake wa kulia.

"Mama! Mama, pole! Sikuku... nilipiga honi!" Mugambi alisema. Aliposikia maneno yake mwenyewe, aliona haya papo hapo.

Melissa alikuwa ameshatoa simu. "Naita ambulensi," alisema kwa Kiingereza. "Na polisi."

"Usiite polisi, mjukuu wangu," alisema Mama Dorotea, meno yakigongana. "Baba yako ana miezi saba tu hapa. Watamharibia karatasi zake. Hili tutaelewana wenyewe. Mimi nimeteleza. Basi."

Hapo palikuwa na njia mbili, na Mugambi alijua ipi ni ya haki. Lakini aliona barabara aliyozoea: pole nyingi, mtu anapelekwa hospitali, mambo yanamalizwa kimya kimya. Na aliogopa. Tusimpambe. Aliogopa.

"Weka simu, Melissa," alisema.

Melissa alimtazama. Kisha akaitia simu mfukoni.

Hospitalini, muuguzi aliuliza kilichotokea.

"Nimeteleza kwenye barafu," alisema Mama Dorotea.

Muuguzi akamgeukia Mugambi. Mugambi alitazama viatu vyake. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika mahali pawili. Walimfunga plasta kutoka vidole hadi karibu na kiwiko, na paja lilikuwa jeusi tii kwa kuvilia damu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia kwamba mara nyingine kinachovunjika ni cha mwenzake.

Nyumbani Abigael alipouliza, Mugambi alisema vilevile: Mama Dorotea ameteleza, nami nimemkimbiza hospitali. Abigael alimshukuru. Akampakulia chakula, nyama nyingi kuliko siku zote. Mugambi alikula akiwa ameinamisha uso.

Jumapili iliyofuata, Mchungaji Kipchirchir alisimama mbele ya kanisa, uso umejaa furaha.

"Ndugu Mugambi, hebu simama! Simama tukuone! Wengine wangepita. Huyu alimwona mama yetu ameanguka, akambeba kama mama yake mzazi. Mpigieni makofi!"

Kanisa zima likapiga makofi. Mugambi alisimama. Masikio yalimwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze, viatu na vyote.

"Na hayajaisha!" mchungaji aliendelea. "Mnajua tumepata gari la kuwachukua wazee wetu, maana baridi hii si ya kungojea basi. Tulikuwa tunatafuta dereva. Wazee wa kanisa wamekubaliana wote. Nani mwingine? Dereva wa miaka ishirini na miwili!"

Akashuka madhabahuni akamkabidhi funguo. Makofi tena, na vigelegele juu. Mugambi alisema, "Asante." Ndilo neno lililomtoka, na angelipa chochote kulirudisha. Aliona Melissa akiinuka, akichukua koti lake, akitoka nje.

Alimkuta karibu na gari. Hakuwa analia. Na safari hii alisema Kiswahili, taratibu, neno kwa neno, ili asikosee.

"Baba, naona aibu. Walipiga makofi, na wewe ulisema asante."

Kisha akavuka barabara kwenda kungojea basi. Tangu siku hiyo hakupanda gari la baba yake. Asubuhi alitoka mapema, akasimama kituoni kwenye baridi ya kung'ata masikio, na Mugambi alimwona kutoka dirishani.

"Mtoto ana nini?" Abigael aliuliza.

"Ujana tu," alisema Mugambi. Uongo mwingine huo. Ukishazaa mmoja, unapata ukoo.

Jumatano Abigael alimtuma ampelekee Mama Dorotea chakula. Mama Dorotea alikuwa akiishi peke yake, katika nyumba ndogo iliyojaa picha za watoto na wajukuu. Mugambi alimkuta katikati ya maboksi. Vikombe vimefungwa kwa magazeti. Picha zimeshushwa ukutani.

"Mama, unahama?"

"Nahamishwa." Alikaa kitini, ule mkono wa plasta juu ya mto. "Daktari ameandika: mzee, anaishi peke yake, anaanguka. Mwanangu Crispus, yule wa Ottawa, amesikia hayo ameingiwa na hofu. Jumamosi anakuja na lori. Amenitafutia nafasi katika nyumba ya wazee karibu naye."

"Lakini hukuanguka mwenyewe! Mwambie!"

"Nimwambie nini? Kwamba nilimdanganya daktari? Mimi, mlezi wa kina mama?" Alitikisa kichwa. "Nimekaa hapa miaka ishirini na sita, mwanangu. Jirani wa mlango huu namjua, wa mlango ule namjua. Huko sitamjua mtu. Lakini ni mdomo wangu uliosema. Si wako. Wewe usijali."

Kisha akamwomba amsaidie kufunga kitambaa cha kichwa, maana kwa mkono mmoja haiwezekani. Mugambi alisimama nyuma yake akafunga. Fundo likalegea, akafunga tena. Angetukanwa, angepata nafuu. Lakini mama yule alimwambia, "Asante, mwanangu, Mungu akubariki," na Mugambi alishuka ngazi akijiona hana thamani ya senti.

Alhamisi mchana, alipotoka kazini, alibisha hodi kwa Rukhsana.

"Karibu, Baba Melissa. Kulikoni?"

"Mama Mikail, nifundishe kuendesha gari."

Rukhsana alimtazama kutoka utosini hadi viatuni. Ulimi ulimwasha, ilionekana wazi. Lakini uso wa Mugambi ulimzuia. "Tutatumia gari langu," alisema tu. "Lina matairi yanayofaa."

Kwanza alimfanya alisafishe. Lote. Mugambi aliuliza paa lina kazi gani.

"Ukifunga breki, theluji ya paa inateremka mbele ya macho yako," alisema Rukhsana. "Ukikimbia, inamrukia aliye nyuma. Njoo hapa, tazama tairi. Unaona alama hii? Mlima, na ndani yake kipande cha theluji. Hilo ndilo la baridi. Tairi la kiangazi, baridi ikizidi, mpira wake unakauka unakuwa mgumu. Hata likiwa jipya, halishiki. Meno ya mpira mkavu yatauma nini?"

Walikwenda kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya duka lililofungwa. Palikuwa patupu, sakafu yote barafu. Rukhsana akashuka, akaweka boksi kubwa la karatasi mbali, akarudi.

"Nenda kwa mwendo wa kilomita thelathini. Halafu simama kabla ya boksi."

Mugambi alienda. Boksi lilipokaribia, mkono wake ulitangulia. Piii! Kisha mguu: akakanyaga, akaachia, akakanyaga, akaachia. Gari likapita juu ya boksi.

Rukhsana alitazama nyuma.

"Umelipigia honi boksi," alisema Rukhsana.

Mugambi aliondoa mkono kwenye honi.

"Boksi halina masikio, Baba Melissa. Na hata lingekuwa mtu, angefanya nini? Honi haisimamishi gari. Honi inamwambia mwenzako: kazi yangu ifanye wewe." Akamtazama. Alikuwa amewafundisha wengi, na uso kama ule alikuwa ameuona. "Ulimgonga nani?"

Mugambi aliweka paji la uso kwenye usukani. Akasema yote. Honi, breki, Mama Dorotea, simu ya Melissa, muuguzi, makofi, funguo, maboksi. Alilia, mwanamume mzima, mbele ya jirani, mchana kweupe. Hakujali tena.

Rukhsana hakumbembeleza. Alimpa karatasi za kufutia uso, akangoja.

"Mtu akiumia," alisema mwishowe, "unasimama. Huondoki. Unapiga simu, ambulensi na polisi. Humwinui wewe, maana humjui alipovunjika. Hata mwenyewe akisema hajaumia, hata akikuonea huruma, unapiga. Hiyo ndiyo sheria ya hapa, na ni sheria nzuri. Kama ungepiga, leo daktari angekuwa ameandika ukweli."

"Najua."

"Sasa unajua. Haya, washa gari. Tuanze na mguu, maana ukiuacha hivyo utagonga wa pili. Mdomo utauponya mwenyewe."

Alimfundisha hadi vidole vikafa ganzi. Kwamba kwenye barafu gari huhitaji nafasi mara nyingi zaidi kusimama. "Gari la mbele likipita nguzo, hesabu. Kiangazi, mbili tatu. Leo, hesabu nane, na hata kumi si dhambi." Kwamba breki hushikwa mapema, kidogokidogo. Kwamba kanyagio likitetemeka halijaharibika. "Huo ni mtambo ndani ya gari, kama utingo wako, unakanyaga na kuachia breki kwa niaba yako, upesi kuliko mguu wako. Wewe kanyaga, shikilia. Usiachie!" Kwamba gari likianza kuteleza, mguu utoke kwenye mafuta, na macho na usukani vielekee pale unapotaka kwenda, si kwenye unachokiogopa.

"Na ukiona kivuko?"

"Naondoa mguu kwenye mafuta," alisema Mugambi.

"Kabla ya kumwona mtu au baada?"

"Kabla."

"Eh! Kumbe una masikio."

Mara ya kumi na moja, gari lilisimama hatua sita kabla ya boksi, bila honi. Mugambi hakufurahi. Alijua kwamba somo hili angeweza kulipata Jumapili ile, bure, kule kwenye maegesho.

Jioni hiyo alimwambia Abigael. Melissa alikuwa mlangoni, akisikiliza. Abigael alikaa kitako kitandani, hajavua sare ya kazi.

"Siku kumi na moja," alisema. "Siku kumi na moja nakula na wewe meza moja. Nakusifia kwa wenzangu kazini. Mwanamke aliyenivisha koti!"

"Abigael, nisamehe."

"Si mimi wa kuanza naye."

Kesho yake, Ijumaa, walikwenda polisi wote watatu, kwa basi. Mugambi alikataa kugusa gari lenye matairi yale. Afisa aliandika kila kitu. Melissa alieleza alichokiona, na hakumpunguzia baba yake hata neno moja. Afisa aliuliza kwa nini hakupiga simu siku ile.

"Niliogopa," alisema Mugambi. "Halafu nikaona haya. Halafu haya ikawa kubwa kuliko woga."

Alishtakiwa kwa kutompisha mtu kwenye kivuko na kwa kutotoa taarifa. Baadaye mahakama ilimtoza faini, na leseni yake ikapata alama mbaya. Karatasi zake za kuishi nchini hazikuguswa. Woga ule wote, na walichokiogopa hakikutokea.

Lakini Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ngumu. Crispus alifika na lori. Ni mwanamume mrefu, mpole wa sauti. Mugambi alikuwa amesimama mlangoni kwa Mama Dorotea tangu asubuhi.

"Kabla hujabeba boksi hata moja," alisema, "mama yako hakuteleza. Nilimgonga na gari. Yeye akanifunika. Polisi wanajua tangu jana."

Crispus alimtazama, ngumi zimekaza. "Ukanyamaza mpaka nimekodi lori?"

"Nilinyamaza."

"Crispus, nilimwonea huruma," alisema Mama Dorotea. "Ana mtoto, ni mgeni..."

"Na mimi, mama?" Sauti ya Crispus ilipasuka. "Wiki mbili silali! Nakuona umeanguka bafuni, umelala peke yako, hakuna anayejua. Mimi hukunionea huruma?"

Mama Dorotea aliinamisha kichwa. Walikuwa wawili sasa wenye aibu chumbani, yeye na Mugambi, na hakuna aliyejua pa kutazama. Mwishowe Crispus alikaa juu ya boksi, akashusha pumzi, akachukua kikombe kilichofungwa kwa gazeti. Akakifungua, akakirudisha kabatini. Kisha cha pili. Mugambi naye akainama, akaanza kutundika picha. Kufikia saa nane mchana nyumba ilikuwa imerudi kama ilivyokuwa. Jumatatu, Mama Dorotea na mwanawe walikwenda kwa daktari, ukweli ukaandikwa mahali pake.

Jumapili, siku moja baada ya Crispus kuja na lori, Mugambi alikwenda mbele ya kanisa akarudisha funguo. Alisema maneno machache. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alikohoa. Mchungaji Kipchirchir alizipokea funguo, akasema, "Asante kwa kusema kweli. Gari hili hutaliendesha kwa sasa." Ilikuwa haki, na iliuma. Walipotoka, Melissa alitembea kando ya baba yake hadi kituo cha basi. Njiani alimshika mkono.

Mugambi alinunua matairi manne ya baridi. Melissa mwenyewe ndiye aliyekagua alama ya mlima, moja moja, kabla ya kukubali kupanda.

Mwezi wa pili, Rukhsana alimwambia mchungaji kwamba yuko tayari kuwafundisha wageni bila malipo, pale nyuma ya duka. "Lakini kwa sharti," alisema. "Atakayezungumza kwanza ni Mugambi." Mugambi hakutaka. Siku tatu alikataa. Siku ya nne alikubali.

Walikuja watu tisa, wamejikunyata ndani ya makoti mapya. Mugambi alisimama mbele yao, sauti chini.

"Mimi naitwa Mugambi. Nimeendesha trela miaka ishirini na miwili. Hapa nimemgonga mtu kwenye kivuko, kwa sababu nilipiga honi mahali pa kupunguza mwendo. Nilikuwa na matairi ya kiangazi, na nilikuwa nimeonywa."

Mmoja wao, Gitonga, aliyekuwa na wiki sita tu kutoka Nairobi, aliguna akacheka. "Bro, pole, lakini hiyo ni bahati mbaya. Mimi nimeendesha Nairobi miaka kumi na tano. Nairobi! Gari langu halina shida. Na huyo mtu, kwani hakuwa anaona gari?"

Wengine wawili wakacheka naye. Mugambi aliyajua maneno yale. Yalikuwa yake.

Nyuma ya kundi, mwanamke mzee mwenye koti refu la kijivu alisogea mbele. Alitembea polepole, paja likimvuta kidogo. Alikwenda hadi mbele ya Gitonga, akakunja mkono wa koti, akamwonyesha plasta.

"Huyo mtu ni mimi," alisema Mama Dorotea. "Gari nililiona, mwanangu. Nilikuwa ninaliangalia vizuri kabisa wakati linakuja."

Kicheko kilikatika. Gitonga alitazama ule mkono, akatazama barafu aliyokanyaga, kisha akatazama gari lake. Alivua kofia, kwenye baridi ile.

"Samahani, mama," alisema. Kisha akamgeukia Mugambi, kwa sauti ndogo. "Hayo matairi ya baridi, yanauzwa wapi?"